Chai ya Kijani ya Kulowekwa: Kinywaji cha Kiangazi kwa Kaya za Kisii na Nyamira

Kiangazi cha nyanda za juu za Gusii, ambacho kwa kawaida hushika miezi ya Januari na Februari kabla ya mvua ndefu za Machi, ni majira ambayo jua la adhuhuri huwaka vikali juu ya mashamba ya Kitutu, Nyaribari, Borabu na Mugirango, machipukizi ya chai hupunguza kasi ya kukua, na mchumaji anayerudi nyumbani kutoka kituo cha ununuzi wa majani huwa na kiu ambayo kikombe cha chai moto ya maziwa hakiikati upesi. Mazungumzo haya yanahusu kinywaji kinachoyafaa majira hayo, nacho ni chai ya kijani iliyotengenezwa nyumbani kwa kulowekwa katika maji baridi kwa saa kadhaa, pasipo kuchemshwa na pasipo maziwa wala sukari. Hoja ya mazungumzo ni kwamba jani linalokua katika kaunti za Kisii na Nyamira, likitengenezwa kuwa chai ya kijani, huonyesha ladha yake nzuri zaidi ndani ya maji baridi kuliko ndani ya maji ya moto, na kwamba kaya inayolilima ina kila sababu ya kulinywa kwa njia hiyo, mradi maji yenyewe yamechemshwa kwanza na kupozwa.

Chai ya kijani na chai iliyozoeleka nchini Kenya, ambayo katika biashara huitwa chai nyeusi, hutoka kwenye mmea mmoja ambao wataalamu wa mimea huuita Camellia sinensis, na tofauti kati ya chai hizo mbili hutokea katika saa chache zinazofuata baada ya jani kuchumwa. Ndani ya jani bichi kuna kemikali ziitwazo katekini, ambazo ni za jamii ya polifenoli, yaani viambata vya mimea vinavyoleta uchungu na ukakasi ulimini, na katika sehemu nyingine ya seli hizo hizo kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, ambacho hukutana na katekini pale tu jani linapopondwa au kukatwa. Vikishakutana mbele ya oksijeni ya hewani, katekini huungana na kugeuka kuwa viambata vipya vya rangi ya manjano iliyoiva, nyekundu na hudhurungi, ambavyo huitwa theaflavini na thearubijini, na hivyo ndivyo vinavyoipa chai nyeusi wekundu wake na kuiwezesha kubaki na nguvu hata inapochanganywa na maziwa mengi. Mtengenezaji wa chai ya kijani hulizuia badiliko hilo mapema kwa kulipasha jani joto kali, ama kwa mvuke ama kwa chombo kikavu kilichopata moto, ili kimeng'enya kiharibike kabla hakijaanza kazi, na kwa sababu hiyo jani hubaki na katekini zake karibu zote pamoja na rangi yake ya asili.

Kwamba wenyeji wa Gusii wameizoea chai nyeusi zaidi ni jambo lenye sababu za kihistoria na za kibiashara. Chai ilipandwa Kenya kwa mara ya kwanza huko Limuru mwaka 1903, na kwa karibu nusu karne ikawa zao la walowezi na makampuni ya mashamba makubwa, hadi pale serikali ya kikoloni ilipoanza kuwaruhusu wakulima Waafrika kuilima katika miaka ya 1950, ikaundwa mamlaka ya mazao maalumu mwaka 1960, na baada ya uhuru ikafuata mamlaka ya kuendeleza chai nchini, KTDA, mwaka 1964, chombo ambacho mwaka 2000 kilibadilishwa kuwa wakala wa makampuni ya viwanda yanayomilikiwa na wakulima wenyewe na ambacho leo kinahudumia wakulima wadogo zaidi ya 600,000 nchini kote. Katika Gusii, ambako kahawa na pareto vilikuwa vimetangulia, chai ilienea katika vilima vyenye mvua nyingi na udongo wenye tindikali, na viwanda vya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Gianchore na Nyansiongo upande wa Nyamira, pamoja na vya Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Itumbe na Eberege upande wa Kisii, vikawa mahali ambapo majani ya kila kijiji huishia.

Viwanda hivyo vilijengwa kwa ajili ya aina ya utengenezaji ijulikanayo kwa herufi tatu, CTC, mfumo uliobuniwa huko Assam, India, karibu na mwaka 1930, ambao hulipitisha jani lililonyaushwa katikati ya mitungi ya chuma yenye meno inayolisaga, kulichana na kulikunja kuwa punje ndogo zinazotoa rangi kali kwa muda mfupi. Chai ya namna hiyo ndiyo inayotakiwa na wanunuzi wa Pakistan, Misri na Uingereza katika mnada wa Mombasa, mnada ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamishiwa pwani mwaka 1969, na ndiyo pia inayochemshwa pamoja na maziwa na sukari katika majiko ya Kenya. Kwa hiyo mkulima wa Nyamira anaweza kuuza majani mabichi kwa miaka thelathini, akapokea malipo ya kila mwezi na bonasi ya kila mwaka, na bado asipate kuonja jani lake likiwa katika hali iliyo karibu na ile aliyolichuma nayo.

Ili kueleza kwa nini maji baridi hulifaa jani hilo, inabidi kutazama kile kinachotoka ndani yake wakati wa kulowekwa. Viambata vitatu ndivyo vyenye uzito katika ladha ya chai ya kijani: katekini, ambazo huleta uchungu na ukakasi, kafeini, ambayo huchangamsha mwili na kuongeza uchungu wake, na theanini, ambayo ni asidi amino, yaani kiambata cha jamii ile inayojenga protini, iliyotambuliwa na watafiti wa Japani mwaka 1949 na ambayo huleta utamu mpole unaofanana na ule wa supu nzuri. Theanini huyeyuka kwa urahisi na hutoka ndani ya jani hata maji yakiwa baridi, ilhali katekini kubwa kubwa, hasa ile iitwayo epigalokatekini galati ambayo ndiyo nyingi na yenye ukakasi mkali kuliko nyingine, pamoja na kafeini, hutoka taratibu sana pasipo msukumo wa joto. Matokeo yake ni kwamba maji ya moto huchota vyote kwa pamoja na kwa haraka, na uchungu ukaufunika utamu, lakini maji baridi huutanguliza utamu na kuacha sehemu kubwa ya uchungu ndani ya majani.

Hapa yafaa kuondoa dhana moja ambayo hurudiwa mara nyingi, kwamba kafeini hupungua katika chai ya kulowekwa kwa sababu haiyeyuki katika maji baridi. Kafeini huyeyuka vizuri zaidi katika maji yanayochemka, hilo ni kweli, lakini hata maji ya kawaida ya chumbani yana uwezo wa kuyeyusha takribani gramu 20 za kafeini katika lita moja, na majani makavu ya gramu 10 huwa na takribani theluthi moja tu ya gramu moja. Kinachopunguza kafeini katika jagi ni mwendo wa kutoka kwake, yaani kasi ambayo kiambata hupenya kuta za seli zilizokauka na kuingia katika maji, na kasi hiyo hushuka joto linaposhuka. Tofauti hii ina maana kwa mtumiaji, kwa kuwa jagi lililoachwa na majani kwa saa nane litakuwa na kafeini nyingi kuliko lililoachwa kwa saa tatu, na anayetaka kinywaji chepesi anapaswa kuyachuja majani mapema badala ya kudhani kwamba ubaridi peke yake umemlinda.

Jambo la pili linalolifanya jani la Gusii kustahili maji baridi ni nasaba yake. Chai inayolimwa Kenya kwa sehemu kubwa ni ya jamii ya Assam, yenye majani mapana na katekini nyingi kuliko ile ya jamii ya Kichina inayotumiwa Japani na katika sehemu kubwa ya China, na wingi huo wa katekini ndio ulioiletea chai nyeusi ya Kenya sifa ya kuwa na nguvu na mng'ao. Zaidi ya hayo, theanini hutengenezwa katika mizizi na kupanda hadi kwenye majani, ambako mwanga wa jua huusaidia mmea kuitumia kutengeneza katekini, na ndiyo maana wakulima wa Japani huyafunika kwa vivuli mashamba ya chai zao za thamani kabla ya kuchuma. Nchi iliyo chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, ambako jua halikosekani mwaka mzima na mashamba hayafunikwi, haiwezi kutarajia jani lenye theanini nyingi na katekini chache. Kwa sababu hiyo, chai ya kijani ya Kenya ikimiminiwa maji yanayochemka, huwa chungu kiasi cha kumfukuza mnywaji wa mara ya kwanza, na wengi huiacha wakiamini kwamba chai ya kijani ni dawa ya kuvumiliwa. Jani hilo hilo likilowekwa katika maji baridi hutoa kinywaji cha rangi ya manjano mpauko, chenye harufu ya majani mabichi na utamu unaobaki kinywani baada ya kumeza.

Kabla ya kufika kwenye majani yenyewe, suala la maji linahitaji uangalifu kuliko yote, kwa maana ndipo njia hii inapotofautiana na desturi ya Kenya kwa namna inayoweza kuleta madhara. Chai ya maziwa huchemshwa, na kuchemka huko huua vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na kipindupindu bila mpishi kukusudia, lakini chai ya kulowekwa haina hatua hiyo, na maji machafu yaliyotiwa majani mazuri hubaki kuwa maji machafu. Kaya nyingi za Kisii na Nyamira huteka maji katika chemchemi zilizojengewa, katika visima, au katika matangi yanayokinga mvua kutoka kwenye paa za mabati, na hakuna hata kimoja kati ya vyanzo hivyo kinachopaswa kutumiwa moja kwa moja kwa kulowekea chai. Maji yachemshwe kwa mchemko wa kutokota, yafunikwe, na yaachwe yapoe yenyewe ndani ya chombo kile kile.

Muda wa kuchemsha nao unategemea mwinuko wa nchi, kwa kuwa kadiri mahali panavyoinuka juu ya usawa wa bahari ndivyo hewa inavyopungua uzito na maji yakachemka kwa joto la chini zaidi. Katika mji wa Kisii, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, maji huchemka yakiwa na takribani nyuzi 94 za Selsiasi, na katika vilima vya Nyamira vinavyokaribia mita 2,000 huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi. Mwongozo unaotumiwa sana wa afya ya umma husema dakika moja ya mchemko inatosha katika nchi za chini na dakika tatu zinatakiwa katika mwinuko unaozidi kama mita 2,000, na kwa kuwa watu wachache hujua kwa hakika mwinuko wa jiko lao, kaya ya Gusii itajiweka salama kwa kushika dakika tatu mahali popote. Kuni au gesi ya ziada si lazima, kwa sababu maji yanaweza kuchemshwa jioni moto uliopikia ugali ukiwa bado una nguvu, yakapoa usiku, na yakawa tayari alfajiri. Maji ya mvua na ya chemchemi nyingi za nyanda za juu ni mepesi, yaani hayana chokaa nyingi, nayo huifaa chai vizuri, lakini maji yenye madini ya chuma, ambayo hujitambulisha kwa doa jekundu kwenye ndoo, huungana na polifenoli na kuifanya chai iwe nyeusi na yenye ladha ya kutu.

Majani ya chai ya kijani yanaweza kupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni dukani, ambako huuzwa yakiwa katika pakiti au katika vijifuko vya karatasi vya gramu mbili hivi, na mnunuzi afanye uangalifu wa kutazama tarehe ya kufungwa, kwa sababu chai ya kijani hupoteza harufu yake upesi kuliko chai nyeusi, na ikikaa rafuni kwenye mwanga kwa muda mrefu hugeuka kuwa ya rangi ya nyasi kavu na ladha yake hufifia. Njia ya pili, ambayo ni fursa ya kipekee kwa anayeishi kati ya mashamba ya chai, ni kutengeneza kiasi kidogo nyumbani kutokana na majani ya shamba lake mwenyewe. Uwiano unaojulikana viwandani ni kwamba kilo nne na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo robo kilo ya majani, ambayo ni kiasi kisichoonekana ndani ya kikapu, huweza kutoa zaidi ya gramu 50, na hizo zinatosha kutengenezea lita tano za kinywaji.

Utengenezaji huo unastahili kuelezwa hatua kwa hatua. Majani huchumwa asubuhi umande ukiwa umekauka, kwa kipimo kile kile kinachotakiwa kiwandani cha majani mawili na chipukizi, tena kutoka kwenye mashina ambayo hayakutiwa mbolea wala dawa katika siku za karibuni, na huanzwa kushughulikiwa siku hiyo hiyo kabla kingo zake hazijaanza kuwa nyekundu. Sufuria nzito au karai lisilo na harufu ya mafuta wala kitunguu huwekwa motoni likiwa kavu, na hujulikana kuwa tayari pale tone la maji linapodunda na kukauka mara moja. Konzi mbili tatu za majani hutiwa humo na kugeuzwa bila kupumzika, kwa mwiko au kwa mkono uliozoea joto, na ndani ya dakika chache sauti ya kuchatachata hupungua, mvuke mweupe hupanda, harufu kali ya nyasi iliyokatwa huondoka na mahali pake huja harufu iliyo tamu zaidi, ya mboga iliyochemshwa. Kikonyo kikikunjwa kikapinda bila kuvunjika, jani limeiva, maana kimeng'enya kimekwisha kuharibika, na kuendelea kukaanga kungeunguza kingo tu.

Majani yaliyotoka motoni humwagwa juu ya ungo na kupepetwa yapoe, kisha husokotwa kwa viganja viwili, kwa mzunguko wa upande mmoja na kwa uzito unaoongezeka kidogo kidogo, hadi yajikunje kama nyuzi na utomvu uanze kunata mkononi. Msokoto huo huvunja seli na kuurahisishia utomvu kutoka wakati wa kulowekwa, na ni kwa sababu yake kwamba jani lililosokotwa vizuri halihitaji joto ili kutoa ladha. Hatua ya mwisho ni kukausha, kwa kuyarudisha majani katika sufuria juu ya moto mdogo sana na kuyageuza kwa subira hadi yavunjike yanapobanwa kati ya vidole, kisha huachwa yapoe kabisa na kuhifadhiwa katika kopo lenye mfuniko wa kubana, mbali na mwanga, moshi wa jikoni na viungo, kwa sababu chai kavu hunyonya harufu ya kila kilicho karibu nayo. Namna ya Kijapani ya kuua kimeng'enya kwa mvuke na kisha kusokota na kukausha, ambayo huhusishwa na mkulima Nagatani Soen wa eneo la Uji na mwaka 1738, hutoa jani la kijani zaidi, lakini namna ya karai, iliyozoeleka zaidi nchini China, ndiyo inayowezekana kwa vyombo vilivyomo katika jiko la kawaida.

Kuloweka kwenyewe ni kazi nyepesi kuliko zote zilizotangulia. Jagi au chupa ya kioo yenye mfuniko huoshwa kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa, kisha hutiwa gramu 10 za majani kwa kila lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, kipimo ambacho ni takribani vijiko vitano vya chai vya majani yaliyosokotwa au vijifuko vitano vya dukani. Chombo hufunikwa na kuwekwa katika friji kwa muda wa saa nne hadi nane ikiwa majani ni mazima, au saa mbili hadi tatu ikiwa ni punje ndogo au unga wa kwenye vijifuko, kwa sababu kipande kidogo hutoa viambata vyake haraka zaidi. Muda ukitimia, kinywaji huchujwa na majani huondolewa yote, kwani yakibaki ndani uchungu huendelea kutoka, na kilichochujwa hurudishwa katika friji na kunywewa kabla siku ya pili haijaisha.

Kaya isiyo na friji haizuiwi kutumia njia hii, ila inapaswa kufupisha muda. Chombo hufungwa kitambaa kilicholowa na kuwekwa kivulini mahali penye upepo, au huzamishwa hadi shingoni katika beseni la maji baridi, na maji yanapokauka kutoka kwenye kitambaa huchukua joto la chombo na kukipoza, kwa kanuni ile ile inayoufanya mtungi wa udongo kuyapoza maji. Katika hali hiyo saa mbili hadi tatu zinatosha, na kinywaji kichujwe na kumalizwa siku hiyo hiyo bila kulazwa, kwa kuwa majani yaliyolowa katika joto la chumbani ni mazingira ambayo vijidudu huweza kuzaliana humo, na ikiwa kinywaji kimeonyesha utelezi, povu au harufu ya uchachu, kimwagwe bila kuonjwa.

Kuhusu viongezo, kanuni inayofaa ni kuonja kwanza na kuongeza baadaye. Sukari, ambayo katika chai ya Kenya hutiwa kwa wingi ili kuzima ukakasi, haina kazi kubwa katika kinywaji ambacho ukakasi wake umeachwa ndani ya majani, na kaya inayojaribu kupunguza sukari kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu itapata hapa njia isiyoleta manung'uniko. Maziwa hayafai kabisa, kwa kuwa protini zake hushikamana na katekini na kuiondoa ladha iliyotafutwa kwa subira yote hiyo. Kipande cha limau au maji ya karakara huiburudisha chai, na tindikali yake husaidia katekini zisiharibike haraka, ilhali mchaichai au majani ya mnanaa, yakioshwa kwa maji yaliyochemshwa, yanaweza kulowekwa pamoja na chai tangu mwanzo. Mwenye kupata chai ya zambarau, yaani ile aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho, ataona kinywaji kikibadilika na kuwa cha rangi ya waridi mara limau linapotiwa, kwa sababu viambata vya rangi vilivyomo, viitwavyo anthosayanini, huwa vyekundu zaidi penye tindikali.

Afya nayo inahitaji maneno ya kadiri, kwa kuwa chai ya kijani imeuzwa katika miji mingi kwa ahadi za kupunguza unene na kuponya maradhi ambazo hazilingani na ushahidi uliopo. Kinywaji hiki ni maji mazuri yenye ladha, kafeini ya wastani na polifenoli, na hiyo ni sifa ya kutosha. Tahadhari kubwa kwa Gusii ni ile ya madini ya chuma: polifenoli za chai huyashika madini hayo yanayotoka katika vyakula vya mimea na kuyazuia yasifyonzwe tumboni, na mlo wa eneo hili, ambao hutegemea obokima, yaani ugali, wa wimbi au mahindi pamoja na mboga za chinsaga na rinagu na maharagwe, huyapata madini yake ya chuma kwa njia hiyo hiyo ya mimea. Kwa hiyo chai, iwe baridi au moto, inywewe kati ya mlo mmoja na mwingine, walau saa moja kabla au baada ya kula, na akina mama wajawazito, wanaonyonyesha na watu wenye upungufu wa damu wazingatie hilo kuliko wengine. Watoto wadogo hawahitaji kafeini, na mtu anayesumbuliwa na kukosa usingizi asinywe jagi hili baada ya alasiri. Vidonge vyenye chai ya kijani iliyokolezwa ni jambo jingine kabisa, kwani mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi za epigalokatekini galati kwa siku kutoka katika vidonge hivyo zinaweza kulidhuru ini, onyo ambalo halikuelekezwa kwa chai inayonywewa kwa desturi.

Faida ya mwisho ya kinywaji hiki humhusu mkulima kama mtaalamu wa zao lake. Maji baridi hayafichi kasoro: majani manne yaliyokomaa yaliyochanganywa na machipukizi machache hutoa kinywaji kisicho na utamu, majani yaliyobanwa ndani ya gunia hadi yakapata joto hutoa harufu ya kuvunda, na majani mawili na chipukizi yaliyobebwa katika kikapu chenye hewa hutoa utamu ambao hata asiye mwonjaji huutambua. Mkulima anayeonja tofauti hizo nyumbani kwake anapata sababu ya kuushika uchumaji mzuri inayozidi ile ya kuogopa kurudishiwa majani kituoni. Bila shaka konzi chache za matumizi ya nyumbani ni kitu kimoja, na kutengeneza chai ya kuuza ni kitu kingine, kwa maana biashara hiyo iko chini ya Sheria ya Chai ya mwaka 2020 na Bodi ya Chai ya Kenya, na anayetaka kuifanya hana budi kufuata usajili na masharti ya afya yaliyowekwa.

Kaunti mbili zinazopeleka majani yao Mombasa ili yanywewe Karachi na Cairo zinastahili kuyajua majani hayo kwa ulimi wao wenyewe. Msikilizaji aliye na shina la chai karibu na mlango wake, au aliye na pakiti ya chai ya kijani iliyosahauliwa kabatini, anaombwa leo jioni achemshe maji kwa dakika tatu, ayafunike, na kesho asubuhi aloweke gramu 10 katika lita moja. Mchana, jua likiwa kali, ayachuje majani na kumpa kila mtu mzima nyumbani glasi moja, bila sukari, kabla ya kuamua kama kinywaji hicho kinastahili nafasi mezani pake.